Barua ya wazi kwa Hello Games: ile CD ya 2016 bado iko mtaani

Kwako Sean Murray na wenzako wote wa Hello Games, Guildford, Uingereza.

Salaam nyingi. Natumaini barua hii itawakuta wazima. Mkitaka kujua hali yangu, mimi si haba, bado nipo hapa Ngamiani, Tanga, nasukuma siku na kibanda changu cha gemu. Nina televisheni nne, pleisteshen nne, mabenchi ya mbao, feni moja inayozunguka ikijisikia, na kauntabuku ninayoandikia madeni. Kazi yenyewe ni mpira. Mmoja anachukua Real Madrid, mwenzake Manchester City, anayefungwa anaachia pedi na wa foleni anakaa. Gemu yenu haina nafasi kwenye biashara hiyo. Hakuna kijana wa kulipa mia tano aje kuangalia mawe. No Man's Sky, hiyo gemu yenu ya kuruka angani na kuvumbua sayari, naicheza mwenyewe, usiku, nikishashusha mlango.

Dhumuni la barua hii ni kuwaomba mseme neno moja hadharani. Nitalifikia. Kwanza mjue limetoka wapi.

Siku hizi gemu kubwa ikitoka mbichi, kibandani nasikia kauli ileile: "Tulia, wataipika. Kwani No Man's Sky ilianzaje?" Jina la gemu yenu limekuwa kama hirizi. Mtu kauziwa kitu nusu, anaivaa shingoni, anangoja. Na wanaouza wanaijua hirizi hiyo vizuri kuliko sisi tunaonunua.

Mimi sibishi kwamba mliikomboa. Mliikomboa, na nitakuwa shahidi wenu popote. Ninachobisha ni kwamba njia mliyopita ipo kwa ajili ya kila mtu. Na hata nyinyi kuna kipande hamkukigusa, kwa sababu hakiguswi kutoka Guildford. Kiko kibandani kwangu: ile CD ya 2016.

CD yangu niliinunua mwaka 2018, ya mkononi, kwa shilingi elfu ishirini na tano. Kava limechubuka, jina la mwenyewe wa kwanza limefutwafutwa kwa wino. Mpya wakati inatoka ilikuwa dola 60, karibu laki moja na thelathini kwa hela ya wakati ule, kwa hiyo niliona nimelamba dume. Mashine zangu hazikuwa na intaneti. Bando la simu lilikuwa la simu. Nikaitia CD, nikangoja, nikaamka kwenye sayari ya majani ya rangi ya kutu, chombo changu kimeharibika, kinatoa moshi. Kulikuwa na maua ya njano yenye zinki, fuwele nyekundu za plutoniamu, na nguzo za heridiamu zimesimama kama mibuyu iliyokatwa vichwa. Nikachimba, nikakusanya, nikatengeneza. Kisha nikapaa.

Hapo lazima nisimame kidogo. Unapaa kutoka ardhini uliyokuwa unaitembea kwa miguu dakika moja iliyopita. Mawingu yanapasuka, bluu inakuwa nyeusi, nyota zinatoka, hakuna mlango wa kufunguliwa wala picha ya kukungojesha, na ukigeuza chombo unaiona ile sayari imekuwa mpira nyuma yako. Nilifanya hivyo mara tatu mfululizo: nikashuka, nikapaa, nikashuka tena, kama mtoto aliyepata lifti ya kwanza.

Nilicheza hivyo kwa miezi, peke yangu. Kuna yale mawe yanayokufundisha lugha za viumbe wa huko, neno mojamoja. Gemu haina Kiswahili, kwa hiyo nilikuwa najifunza Kigek, lugha ya viumbe waitwao Gek, kupitia Kiingereza, na nadhani Kigek kilikuwa kinakwenda vizuri zaidi.

Siku moja mwanachuo aliyekuwa likizo akanikuta mchezoni. "Kaka, sasa mbona hujengi nyumba?" Nikamwambia gemu hii haina nyumba. Akacheka. Akasema wenzake wanacheza wanne pamoja, wanaonana, wana magari, wana kambi. Nikamwambia anaota. Tukabishana kama watu wa Simba na Yanga, mpaka akatoa simu akanionyesha video. Watu wanne, sayari moja, wanarukaruka wakipungiana mikono.

Kumbe sote tulikuwa tunasema kweli. Yeye aliisema gemu ya 2018, mimi niliishika gemu ya 2016. CD ilikuwa imechapwa kabla hata gemu haijaingia madukani, na isipokutana na intaneti haijui kama dunia imesonga. Hata lile sasisho la siku ya kwanza halimo.

Kwa ambao hawakuwepo wakati ule, nieleze kwa ufupi. Mlikuwa kikundi kidogo mlipoionyesha mara ya kwanza Desemba 2013. Mkesha wa Krismasi mwaka huohuo mafuriko yakaingia ofisini kwenu yakabeba vifaa. Mkaendelea. Mwaka 2015 wewe Sean ukakaa kwenye kipindi cha televisheni cha Mmarekani Stephen Colbert, ukaulizwa kama wachezaji wanaweza kukutana, ukajibu ndiyo, ila kwa ukubwa wa ulimwengu ule itakuwa bahati adimu. Gemu ikatoka tarehe 9 Agosti 2016. Siku hiyohiyo watu wawili wakatafutana, wakafika kwenye sayari moja, jengo moja, mahali palepale. Kila mmoja akatazama patupu. Hawakuonana, kwa sababu kuonana hakukuwepo ndani ya gemu. Na waliokazana mpaka katikati ya galaksi, lengo ambalo gemu yenyewe iliwaelekeza, walikuta tu kwamba wanaanza upya kwenye galaksi nyingine.

Hasira zilizofuata mnazijua, sitawarudishia. Kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, zaidi ya watu 200,000 walikuwa ndani kwa wakati mmoja siku za mwanzo. Baada ya wiki chache tu wengi wao walikuwa wameshaondoka. Mamlaka ya matangazo ya Uingereza ikapokea malalamiko, ikachunguza, na Novemba 2016 ikaamua kwamba ukurasa wenu wa Steam haukuvunja kanuni. Kisheria mkatoka safi. Mtaani safi ni kitu kingine.

Halafu mkanyamaza, karibu miezi mitatu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwenu kweli kilikuwa nao. Novemba 2016 likaja sasisho la Foundation, mtu akajenga nyumba. Machi 2017 Path Finder, magari. Agosti 2017 Atlas Rises, hadithi yenye kichwa na miguu, na wachezaji wakaanza kuonana kama vimulimuli vinavyoelea hewani, jambo ambalo hadi leo naliona zuri kuliko mnavyofikiri. Julai 2018 NEXT, watu wakaonana kwa miili. Agosti 2019 Beyond. Na hamkukoma: Agosti 2025, miaka tisa tangu siku ile mbaya, mlitoa Voyagers, mtu anajijengea chombo kikubwa na kutembea ndani yake na wenzake kikiwa angani. Zote bila kudai hata senti. Mwaka 2019 mashabiki walichanga pesa wakaweka bango karibu na ofisi yenu kuwashukuru. Mwaka 2020 mkapewa tuzo ya The Game Awards ya gemu inayoendelea kutunzwa. Novemba 2024, kwenye Steam kulekule mlikotukanwa, jumla ya maoni ikapanda hadi daraja la "nzuri sana".

Sasa swali ninalotaka mlijibu wenyewe, kwa kuwa nyinyi ndio mnaojua kilichomo jikoni: kwa nini iliwezekana?

Mimi nina jibu langu, na nililipata kwa mzee mmoja mcheza bao. Huwa anakaa kivuli cha kibanda changu akingoja mwenzake wa kucheza naye. Siku moja akauliza hizo dunia zote nimezinunua kwenye sahani moja hiyo? Nikamwambia hapana, mzee wangu, humo hakuna dunia hata moja. Hakuna aliyekaa akazichora. Kuna namba ya kuanzia, na kuna kanuni. Ukipanga kete zilezile kwenye mashimo yaleyale, ukazisambaza kwa mwendo uleule, mchezo utaishia palepale leo, kesho na mtondogoo. Basi namba ikiingia kwenye kanuni inatoka sayari, na milima yake, na majani yake, na mnyama wake wa miguu sita. Mtu wa Peru akiingiza namba ileile inatoka sayari ileile. Namba hizo ni mbili zilizozidishana mara 64: 18,446,744,073,709,551,616. Ndiyo maana ulimwengu mzima unaingia kwenye gemu isiyozidi ukubwa wa filamu chache.

Mzee akatafuna hilo jambo kwa muda. Kisha akauliza: "Na ukibadilisha kanuni?"

Hapo ndipo penye siri yote. Ukibadilisha kanuni, umebadilisha sayari zote kwa mpigo mmoja. Kwenu mtu mmoja akikaa na hesabu za namna mlima unavyoinuka, asubuhi yake inainuka milima kwenye dunia zisizo na idadi. Kikundi chenu hakikufika watu 20 gemu ilipotoka, na hata mngekuwa 2,000 msingeweza kupitia sayari mojamoja mkizitia rangi. Kasoro yenu ilikuwa mahali pamoja, na pamoja panatibika. Na kile cha msingi, yaani kupaa na kushuka bila kukatizwa, kilikuwepo tangu siku ya kwanza, kwenye CD hii hii yangu. Ilikuwa nyumba yenye msingi na kuta, haina madirisha wala watu. Nyumba ya namna hiyo unaweza kuimalizia polepole ukiwa unaishi ndani.

Dawa hiyo ilikuwa na ukali wake, msijifanye hamjui. NEXT ilipoingia sayari nyingi zilibadilika sura, na watu wakakuta pale walipojenga pameshakuwa pengine. Ukimbadilishia mtu kanuni, unambadilishia na nyumbani. Nadhani mlilifikiria hilo, maana Worlds Part II ya Januari 2025 mliongeza mifumo mipya ya nyota badala ya kuivuruga ya zamani. Hilo niliwaheshimu nalo kuliko tuzo.

Sababu ya pili ni pesa, na watu hawapendi kuisema. Gemu yenu iliuza sana kabla hasira hazijapanda. Pesa ya gemu ya dola 60, ikigawanywa kwa kikundi kidogo, kampuni yenu wenyewe, hakuna mwenye hisa wa kupiga simu kila robo mwaka akiuliza lini: hiyo ni miaka mingi ya ugali. Waliowalaani ndio waliolipia ukarabati. Sisemi kwa kejeli. Mngeweza kuchukua mkaondoka. Hamkuondoka.

Sasa wachukueni wengine mlinganishe.

Kerbal Space Program 2, kwa mfano. Ile ya kwanza ilitengenezwa na Squad wa Mexico, mtu anaunda roketi yake, inalipuka, anaunda nyingine, mpaka anajifunza fizikia ya anga bila kujua kwamba anajifunza. Nimeona mwanafunzi wa sekondari akieleza obiti kwa kuzungusha kifuniko cha soda mezani, elimu yote kaitoa humo. Ya pili ikaenda mikononi mwa kampuni kubwa, Take-Two, kupitia tawi lake la Private Division. Februari 2023 ikaanza kuuzwa ikiwa bado inapikwa, karibu dola 50, pamoja na ramani ya yatakayokuja: makoloni kwenye sayari, safari za kwenda nyota nyingine, kucheza wengi. Mashabiki wakavaa hirizi. Kila aliyelalamika akajibiwa kwa jina lenu. Desemba 2023 likaja sasisho moja kubwa, For Science!, na kweli liliwapa watu moyo. Mwaka 2024 studio ya Seattle iliyokuwa inaitengeneza ikapunguzwa watu, na mwisho wa mwaka Take-Two wakaliuza tawi zima. Makoloni hayakuja. Aliyenunua kwa imani ya kesho alibaki na leo ya Februari 2023 na kiraka kimoja kikubwa.

Tofauti yake na yenu ni ipi? Wale wahandisi hawakuwa wavivu. Ila waliokuwa na nia ya kuimalizia hawakuwa ndio wenye ufunguo wa mlango. Uamuzi ulikuwa mahali ambapo gemu ni mstari mmoja kwenye hesabu za mwaka, na mstari usiolipa hufutwa. Anthem, gemu ya kampuni kubwa ya EA, nayo ilikufa hivyo: ilitoka Februari 2019, wakaahidi kuifumua na kuishona upya, na Februari 2021 wakatangaza kwamba ufumaji huo umesitishwa.

Starfield, gemu ya anga ya Bethesda, ni ugonjwa mwingine. Hiyo sina mashine yake, niliicheza kwa rafiki yangu mwenye kompyuta, wikiendi mbili. Ina watu, ina miji, ina mazungumzo ambayo nyinyi hamjawahi kuwa nayo na pengine hamtakuwa nayo. Kwa hilo iliwashinda siku ya kwanza, Septemba 2023. Lakini nilipoicheza, kati ya sayari na sayari hakukuwa na kitu. Ulikuwa unachagua kwenye ramani, skrini inakuwa nyeusi, umefika. Sayari zaidi ya 1,000 na hakukuwa na njia. Agosti 2024 wakaongeza gari la kutembelea, bure, zuri tu. Septemba 2024 wakauza nyongeza ya Shattered Space kwa bei yake pembeni. Vitu vinaongezeka. Ila gari halijibu swali la kwa nini niende kule kilimani wakati jengo lililoko ni lilelile nililoliona kwenye sayari ya jana, mpaka na maiti iliyoegemea meza. Kwenu ziliongezwa nyama kwenye mifupa iliyosimama. Kwao mifupa yenyewe ndiyo imekatwa vipandevipande, na sasisho ni dawa ya kupaka. Naweza kuwa nimekosea, na nitafurahi wakinionyesha.

Kwa hiyo kijana akiniambia "watairekebisha kama No Man's Sky", siku hizi namuuliza kwanza maswali yangu. Kilichokosekana ni nyama au mfupa? Na funguo anazo nani? Huwa anaondoka kabla sijamaliza.

Nirudi kwangu. Baada ya Beyond kutoka niliamua na mimi nikombolewe. Nikanunua kifurushi cha usiku, kile kinachoanza saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Simu nikaiweka dirishani juu ya kifuniko cha sufuria, maana hapo ndipo mtandao unaposhika, mashine nikaiunganisha na simu, nikalala benchi. Usiku wa kwanza ilifika asilimia 34. Usiku wa pili nilishtuka alfajiri kwa kimya: feni imesimama, luku imeisha, na kosa ni langu, uniti zilikuwa zinanitazama tangu jana yake. Mashine imezimika kwenye 61. Nilikaa gizani nikiomba isiwe imeanza moja. Haikuanza moja. Usiku wa tatu, saa kumi kasoro, mstari ukajaa, nikawasha, na ile sauti ya kufungulia ikaja ikiwa nene kuliko niliyoizoea.

Siku hiyohiyo nilikwenda kule kwenye kituo ambako wachezaji wote hukutana. Vyombo kumi na kitu vimeegeshwa, watu wa sura za vyura na za mashine wanapishana. Mmoja akanisogelea, akaniangushia mzigo wa vitu vya thamani kwenye begi langu, akapunga mkono, akaondoka. Hakusema neno. Sijui alikuwa mtu wa wapi. Nilitoka nje ya kibanda nikasimama barabarani kidogo.

Lakini nilipopiga hesabu asubuhi, bando la siku tatu lilikuwa limekaribia bei ya CD. Mliitoa bure, nakubali, na bei ya bando la Tanga haipangwi Guildford. Ninachotaka mkione ni kwamba ukombozi wenu wote ulipita kwenye waya, na waya haufiki kila mahali. Mwaka 2019 ilichapwa CD mpya yenye Beyond ndani, najua. Huku sijaiona hata moja. Zinazozunguka mitumbani ni zile za 2016, zinauzwa na kuuzwa tena, kwa sababu walioziacha ndio hao waliokasirika wakaziuza. Kila anayeinunua leo bila intaneti ananunua Agosti 2016. Kwake hakuna Foundation wala NEXT. Mlisahihisha gemu, nakala haisahihishwi.

Sasa neno lenyewe.

Desemba 2023 mlionyesha gemu yenu nyingine, Light No Fire. Dunia moja, safari hii, yenye ukubwa wa dunia yetu hii, wachezaji wote juu yake. Niliitazama video hiyo kwenye simu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Na nikaona mmejifunza kusema kidogo, jambo jema. Naomba mwongeze mawili. Siku itakapotoka, andikeni kwa lugha ya kawaida kile ambacho hakimo. Msitungoje tukigundue wawili tumesimama mahali pamoja tunatazama patupu. Na kitakachotiwa kwenye CD kiwe kile ambacho mngekuwa radhi mtu akicheze miaka kumi bila waya, kwa sababu yuko atakayekicheza hivyo.

Na kwa wenzenu wa kazi, semeni hadharani, wewe Sean hasa maana wewe wanakusikiliza, kwamba No Man's Sky si mpango wa biashara. Kwamba mlikuwa wachache, mlikuwa na pesa iliyokwishaingia, mlikuwa na kanuni moja ya kutibu, na funguo zilikuwa mfukoni mwenu. Kwamba miezi ile ya kimya hamuitamani imkute mtu. Mkilisema nyinyi, hirizi itaanguka shingoni. Nikilisema mimi kibandani, nahesabika mzee anayeharibu starehe.

Nimalizie na habari moja, halafu niwaache mfanye kazi.

Mashine yangu ya nne, iliyoko pembeni karibu na ukuta, sijaiunganisha na intaneti mpaka leo. Ina ile CD na ile sevu ya zamani. Nyuma ya kauntabuku, baada ya kurasa za madeni, nimeandika majina ya sayari nilizozipata nikiwa peke yangu, 41 mpaka sasa: Amboni, kwa sababu ya mapango yake, Toten, yenye kisiwa kimoja katikati ya bahari ya sumu, Mabawa, Makorora, Raskazone. Kwa kuwa kanuni ya humo haijaguswa, zote zipo kama nilivyoziacha.

Wiki mbili zilizopita mtoto wa darasa la sita, amefungwa tano bila, hana hela nyingine, alibaki benchini akinitazama nikiwa Toten.

"Anko, unacheza na nani?"

"Peke yangu."

"Unampiga nani sasa?"

"Hakuna wa kupigwa."

Nilidhani ataondoka. Akanyamaza, akasogea karibu na skrini. Jua la huko lilikuwa linazama, na juu ya maji ilikuwa imejitokeza sayari nyingine, kubwa, ya zambarau. Akainyooshea kidole.

"Na pale mtu anafika?"

Nikampa pedi.

Wasalaam,
mwenye kibanda, Ngamiani, Tanga